Ukwaju wa Kariakoo hauchachui damu

Swali: Kila mchana nakunywa juisi ya ukwaju Kariakoo. Mtaani wananiambia damu yangu itajaa asidi. Ni kweli?

Jibu: Hapana. Ukwaju ni mchachu, sawa, lakini ukifika tumboni unakuta asidi kali kuuzidi. Damu nayo haiyumbi ovyo: pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, hukaa kati ya 7.35 na 7.45, uwe umekunywa ukwaju, maji ya bomba au hayo "maji ya alkali" yanayouzwa kwa bei ya kuruka.

Swali: Inawezaje?

Jibu: Ina bafa, yaani asidi dhaifu na mwenzake anayeidaka asidi inayozidi. Katika damu mdakaji mkuu ni bikaboneti. Unaweza kuiona kazi yake jikoni. Koroga yale magadi ya maharage, ambayo nayo yana bikaboneti, kwenye kikombe cha maji, kisha kamulia ndimu: linafoka povu. Ndimu hiyo hiyo kwenye maji matupu haifoki, inachachua tu. Povu lile ni hewa ya ukaa; asidi imedakwa, ikaishia kuwa maji na hewa. Mwilini hewa hiyo unaitoa kwa pumzi, ndiyo maana ukikimbilia daladala ya Mbagala unapanda ukihema. Figo huja nyuma taratibu, kwa saa na siku, zikitoa asidi kwenye mkojo na kurudisha bikaboneti kwenye damu.

Swali: Basi ninywe magadi niisaidie?

Jibu: Usijaribu. Yamejaa sodiamu, na mwenye presha ndiye ataumia kwanza.

Swali: Bafa huweza kuzidiwa?

Jibu: Ndiyo. Mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa insulini huchoma mafuta mpaka damu inajaa asidi ziitwazo ketoni. Utamwona anahema kwa kina na kwa nguvu ilhali amelala, anatapika, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nyumbani wengi hudhani ni malaria au pumu. Msingoje kukuche, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Swali: Na meno?

Jibu: Hapo ukwaju una kesi ya kujibu. Mate yana bikaboneti pia, ila ukishinda na chupa mkononi ukinywa funda moja moja, hayapati nafasi ya kufanya kazi. pH ya kinywa ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba la jino huanza kuyeyuka. Kunywa umalize, sukutua kwa maji, na mswaki usubiri nusu saa.