Dhima ya mwajiri: majambazi wakivamia kazini, nani anabeba mzigo?

Dhima ni neno zito kuliko kosa. Mkosaji ametenda jambo baya. Mwenye dhima ana mzigo shingoni, hata kama mkono uliotenda si wake. Tofauti hiyo huwachanganya wengi pale askari wa getini anapokatwa panga usiku. Mwenye kampuni atasema: si mimi niliyemkata. Kweli, lakini sheria haimuulizi hilo.

Tuchukue Kenya. Huko mambo haya husimamiwa kwanza na sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007 (Work Injury Benefits Act), ile ambayo mawakili na wafanyakazi wote huiita WIBA. Majeruhi hahitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Kinachotazamwa ni kama aliumia akiwa kazini, na kwa sababu ya kazi hiyo. Mlinzi anayevamiwa kwenye lindo lake hawezi kuambiwa ujambazi ni bahati mbaya ya mtu binafsi. Amewekwa pale kwa sababu majambazi wapo. Mwajiri analazimika kuwa na bima kwa ajili ya majanga hayo. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, fidia hupigwa kwa mapato ya miezi 96.

Kuna kipengele kimoja ambacho waajiri wengi hawakipendi. Tuseme askari aliagizwa asiondoke getini, lakini akamkimbiza mwizi hadi barabarani na kuuawa huko. Utetezi wa kawaida ni kwamba alivunja amri. Sheria inasema kwamba ikiwa alichofanya kilikuwa kwa maslahi ya shughuli za mwajiri, na matokeo yake ni kifo au ulemavu mkubwa, basi ajali hiyo ni ya kazini, amri au hakuna amri.

Fidia ni upande mmoja. Upande wa pili ni wajibu wa kuzuia madhara yasitokee, na hapa Kenya imerithi mengi kutoka Uingereza. Mwaka 1937, katika kesi ya mgodi wa Wilsons & Clyde Coal, majaji wa huko walisema mwajiri hawezi kuuhamishia mtu mwingine wajibu wake wa kuweka wafanyakazi wenye ujuzi, vifaa vya kutosha na utaratibu salama wa kazi. Leo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa kila anayefanya kazi kwake.

Lakini ahakikishe hadi wapi? Katika kesi ya Charlton, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1980, meneja wa kiwanda cha wino alivamiwa akitoka kuchukua pesa za mishahara, akamwagiwa amonia usoni. Alishindwa kesi. Kampuni ilikuwa imeagiza watu na njia za kuchukua pesa zibadilishwe mara kwa mara, na mahakama ikaona hiyo ni tahadhari ya kutosha kwa kampuni ya ukubwa ule. Mimi naona ilimbana mno mtu aliyeharibiwa macho, lakini kipimo chenyewe kinaeleweka: je, hatari ilionekana mapema, na ulichofanya kilitosha? Anayemtuma karani yuleyule benki kila Ijumaa saa nne, na mkoba uleule, ana kazi ngumu ya kujieleza.

Kuhusu utaratibu wa Kenya, ajali huripotiwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu mwajiri apate habari, au saa 24 ikiwa mtu amekufa. Mfanyakazi naye asichelewe. Dai hupelekwa ndani ya miezi 12. Na asikimbilie mahakamani, kwani mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba dai lianzie kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi hupinga kwa Mkurugenzi huyohuyo ndani ya siku 60, ndipo aende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ushahidi mara nyingi uko kwenye daftari la matukio (OB) pale getini. Mlinzi aliyeandika kwa kalamu ya bluu, "taa ya nyuma imeungua tangu Jumatatu, msimamizi ameambiwa", ameshaonyesha kwamba hatari ilijulikana.