Kabla hujapigiwa windo mpya, nambie kwanza ndani ya laptopu mna nini

Tangu Microsoft wasitishe msaada wa kawaida wa Windows 10, Oktoba 14, 2025, watu wanakuja sana hapa kwangu Mlandege, Unguja, laptopu kwapani, "fundi nipigie windo mpya", yaani niwawekee Windows 11. Na mimi sigusi kitu, nauliza, ndani mna nini? Wengi wananiangalia tu.

Nauliza kwa sababu ya mwalimu mmoja wa skuli aliyevuka na boti kutoka Pemba, laptopu yake ilishapigwa windo na mtu mwengine akafomati diski nzima bila ya kumuuliza, maksi za wanafunzi na picha za marehemu mamaake zote zikenda. Nilihangaika nayo siku mbili na programu za kurejesha mafaili, nikapata picha chache, maksi hata moja sikupata. Iliniuma sana ile.

Sasa njia. Ukiapgredi juu kwa juu, yaani windo mpya inaingia juu ya ya zamani bila kufuta diski, mafaili na programu zako zinabaki, na windo ya zamani inakaa pembeni kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10, ikikukera unarudi. Nzuri kwa mwenye haraka, ila kama laptopu ilikuwa nzito kwa takataka za miaka sita basi uzito nao unahamia. Mimi naipenda zaidi kupiga upya kabisa: kopi kila kitu kwenye diski ya nje, ifungue kwenye kompyuta nyengine uhakikishe picha zinafunguka kweli (usitazame majina ya mafaili tu), halafu chomeka fleshi ya GB 8 yenye windo mpya, futa diski, anza. Ikiwa bado unatumia hadidiski, ile inayozunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) siku hiyo hiyo, maana hapo ndo utaona tofauti, kuliko hata hiyo windo yenyewe.

Kuweka mifumo miwili, kwa mfano windo mbili, kwenye diski ya GB 128 mimi simshauri mtu, yote miwili itabanana.

Na wale wa laptopu za zamani jamani, Core i5 ya kizazi cha sita kwa mfano, Windows 11 rasmi haiikubali hata uwe na RAM ya kutosha, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kuna ujanja wa kuilazimisha kwa Rufus, programu ya kutengenezea fleshi ya windo, na inaingia, lakini Microsoft hawakuahidi masasisho huko mbele, na mtu anayefanyia kazi za ofisi sitaki nimuachie hilo. Huyo namuwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye fleshi, tunaiwasha kutoka humo humo bila kugusa diski, anajaribu Wi-Fi, anajaribu printa, anafungua barua zake za Word kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, aone zimekaa vipi, akiridhika ndo tunaiingiza. Asiporidhika tunachomoa fleshi, laptopu yake iko vile vile.

Mawili ya mwisho kabla hujaniletea. Kama BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski yako, imewashwa, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi. Na betri iwe inashika chaji, kwa sababu umeme ukikatika kati kati ya kazi na betri imekufa, laptopu inaweza isiwake tena mpaka tuanze upya.