Mguu mmoja umevimba? Nitakuuliza habari za shangazi

"Daktari, huyu amekanyaga kitu." Mama mkwe aliniwahi kabla sijafika kitandani. Mkwewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku 9 zilizopita, na sasa mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani, mzito, unauma. Wengi hapa Mbeya wangempitisha kwanza kwa mganga, kwa hiyo nilimshukuru mama yule kwa kumleta. Ultrasaundi ilionyesha bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa paja. Hatari yake ni kipande kumeguka na kukimbilia kwenye mapafu.

Tukaanza sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kisha nikamuuliza mgonjwa: "Dada, kwenu kuna aliyewahi kuvimba hivi, au kufa ghafla baada ya kuzaa?" Upande wa mama, hakuna. Upande wa baba, akanyamaza kidogo: shangazi yake. Siku ya tano baada ya kujifungua, pumzi ilimkata. Walizika wakisema karogwa.

Damu ina vitu vinavyoigandisha, na ina breki. Breki zenyewe ni protini C, protini S na antithrombini. Ukirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja tu, breki moja inalegea. Waliozoea mteremko wa Iwambi wanalijua lori la namna hiyo: kwenye tambarare linakwenda vizuri tu. Mteremko wa damu ni mimba na wiki 6 baada ya kujifungua, upasuaji, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hata kukaa kwenye basi kutwa nzima hadi Dar es Salaam. Ndiyo maana baba anaweza kuibeba jeni hiyo hadi uzeeni bila kuugua, kumbe kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na sisi, kwa kuwa ni mambo ya uzazi, tunauliza ukoo wa mama peke yake!

Wazungu wana fakta V Leiden, hitilafu ya kurithi kwenye kitu kimojawapo kinachogandisha damu, iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 1994: fakta hiyo haiisikii breki ya protini C. Kwao asilimia 5 hivi wanayo. Kwa Waafrika ni adimu mno. Nimeona mtu akilipia kipimo chake, akarudi anatabasamu kwamba hana. Angekuwa nayo ndipo ningeshangaa. Kwetu ningeulizia selimundu kwanza, maana hata mwenye jeni moja, asiyeumwa, hatari yake ya bonge la mapafu iko juu kuliko ya wengine.

Mume alitaka tupime protini S siku hiyohiyo. Nilikataa. Mimba huishusha, wafarini, yaani vidonge vya kuzuia damu kuganda, huishusha, na bonge lenyewe huitumia; tungempa mtu ugonjwa wa ukoo kwa makosa. Atameza dawa angalau miezi 3, zikiisha tutasubiri wiki kadhaa ndipo tumtoe damu.

Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, ana mimba ya miezi minne. Huyo nimeomba aje Jumatatu.