Kutapika Safarini Si Ushamba

Abiria akianza kutapika kwenye basi lililotoka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, au kwenye meli iendayo Nansio kisiwani Ukerewe, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba hajazoea kusafiri. Wapo watakaomwita mshamba waziwazi. Akitapika mtoto, mama yake ndiye anayewaomba radhi abiria wote huku akifuta sakafu kwa kitenge chake. Aibu hiyo sisi wahudumu wa afya tunakutana nayo baadaye, ikiwa imeshazaa mengine: mwanamke aliyekaa safarini kutwa nzima bila kula wala kunywa, mzee aliyebana mkojo mpaka ukagoma kutoka, mtoto aliyenyweshwa dawa ili alale na sasa haamki vizuri. Kero ya kwanza ilikuwa ndogo. Jitihada za kuificha ndizo zilizoleta ugonjwa.

Kazi yangu ni masikio, pua na koo, na kutapika safarini huanzia sikioni, si tumboni. Ndani kabisa ya kila sikio, pembeni ya sehemu inayosikia, ipo mirija mitatu iliyopinda yenye majimaji, na karibu yake vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za chokaa. Ukigeuza kichwa, majimaji yale huchelewa kidogo, kama maji ya ndoo kichwani mwa mtu aliyegeuka ghafla, na uchelewaji huo ndio unaouambia ubongo kwamba umegeuka na kwa kasi gani. Zile chembe za chokaa hueleza kupanda, kushuka na kwenda mbele. Macho nayo hupeleka taarifa zake, vivyo hivyo misuli ya shingo na nyayo za miguu.

Siku zote taarifa hizi hukubaliana. Ndani ya meli hugombana. Umekaa chini, umekodolea ukuta usiosogea, macho yanasema umetulia; sikio linasema unapanda na kushuka. Ubongo hukosa pa kushika, na matokeo yake ni mate kujaa mdomoni, jasho jembamba, miayo, kichwa kizito, kisha kichefuchefu. Mwaka 1882 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, William James, aliandika kuhusu viziwi aliowachunguza, ambao zaidi ya theluthi yao hawakupata kizunguzungu hata wakizungushwa, kwa sababu kiungo hiki cha sikioni kilikuwa kimekufa. Watu wa namna hiyo hawatapiki hata maji yachafuke vipi. Asiyeona, kwa upande wake, hutapika kama wengine. Kwa hiyo anayetapika ana sikio zima linalofanya kazi yake, na kumcheka ni kumcheka mtu kwa uzima wake.

Watu huniuliza mbona mtu anapanda bodaboda kwenye barabara ya mawe hadi kijijini na hana tatizo, lakini akipanda basi zuri la viti laini anatapika kabla ya Misungwi. Jibu liko kwenye mwendo. Mtikisiko wa harakaharaka wa mawe na mashimo huumiza mgongo na kiuno, ila hauchokozi sana kichefuchefu. Kinachochokoza ni mwendo wa taratibu, hasa wa kupanda na kushuka au kuyumba mara moja kwa kila sekunde tano hivi. Basi lenye springi laini huyumba kwa mwendo wa pole wa namna hiyo, na meli ndiyo zaidi.

Na ziwa letu lina tabia zake. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kidogo kwa ukubwa huo, wastani wa mita 40 tu. Upepo unapata nafasi ndefu ya kusukuma maji, mawimbi yanakuja mafupi, yamebanana, yamesimama. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Usiku mambo hugeuka: hewa ya nchi kavu huteremka kutoka pande zote, hukutana katikati ya ziwa, hupanda juu, na ndipo radi na mvua za usiku wa manane hadi alfajiri zinapozuka. Anayelala melini kwenda Bukoba anapita katika saa hizo hizo. Ndiyo maana nasisitiza kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi, hasa kwa mwenye mtoto mdogo au mjamzito. Safari iliyoahirishwa kwa siku moja haijamwua mtu.

Ukiweza kuchagua mahali, melini kaa katikati ya chombo, sitaha ya chini, kwa kuwa hapo ndipo chombo kinapoinuka kidogo kuliko mbele (omo) au nyuma (tezi). Tazama mbali, pale anga linapokutana na maji, au vilima vya kisiwa chochote kinachoonekana, ili macho yakubaliane na sikio. Usiku, pasipoonekana kitu, lala chali ufumbe macho. Kwenye basi tafuta viti vya mbele, usikae juu ya magurudumu ya nyuma, na usikae umegeukia nyuma. Simu iweke mfukoni. Kusoma meseji na kutazama filamu inayochezwa kwenye runinga ya basi ni kuyapeleka macho mahali pasipoenda popote wakati mwili unakwenda. Dereva hatapiki gari lile lile kwa sababu anaiona kona kabla haijafika na mwili wake umeshajiandaa.

Harufu huongeza tatizo. Moshi wa dizeli, magunia ya dagaa yaliyopakiwa soko la Mwaloni, samaki aliyefungwa kwenye mfuko chini ya kiti. Hatuwezi kuwanyima watu wa ziwa kusafiri na dagaa wao, lakini anayejijua anaweza kukaa mbali na mzigo na kufungua dirisha. Ndimu wanayonusa mabibi zetu haina madhara yoyote, na ikikusaidia inuse. Tangawizi nayo imefanyiwa tafiti. Kwa baadhi ya watu ilipunguza kichefuchefu, kwa wengine haikuonyesha tofauti. Kikombe cha chai ya tangawizi kabla ya safari ni jambo la kujaribu.

Naomba tuache kusafiri na njaa. Tumbo tupu halizuii kutapika. Hutapika nyongo, na hiyo inauma zaidi. Kula kidogo saa moja au mbili kabla ya kuondoka: uji, ndizi ya kuchemsha, mkate mkavu. Acha chipsi zinazochuruzika mafuta, na pombe usiiguse. Njiani kunywa maji kwa mafundo madogo.

Sasa dawa. Kwenye maduka yetu ya dawa zinapatikana promethazini, saiklizini na sinarizini, na kwa watu wengi zinafanya kazi zikitumiwa inavyotakiwa. Kosa ninalolisikia kila mara ni kumeza kidonge mtu akiwa ameshaanza kuugua. Kichefuchefu kikishakolea, tumbo huacha kusukuma vilivyomo kwenda utumboni. Kidonge hukaa palepale, au hutoka na matapishi. Dawa hizi humezwa kabla ya kupanda chombo, nyingine saa moja kabla, nyingine saa mbili, na mfamasia atakueleza ya kwako. Zinaleta usingizi mzito. Ukishuka stendi ya Nyamhongolo ukakuta bodaboda yako inakusubiri, usiiendeshe wewe. Usizichanganye na bia. Mwenye presha ya macho na mjamzito waulize kwanza.

Kwa watoto nitasema kwa ukali kidogo. Mtoto mchanga wa chini ya miaka miwili ni nadra kuugua safari. Wanaougua sana ni wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili, kisha hali hupungua wanavyokua. Kwa hiyo mtoto wa miezi minane anapopewa dawa ya kuzuia kutapika, kwa kawaida hana hata ugonjwa wenyewe. Amepewa ili anyamaze. Promethazini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili inaweza kupunguza upumuaji mpaka ukasimama. Piritoni na dawa nyingine za mafua nazo si za kumlazia mtoto safarini. Najua shida ya mama mwenye mtoto anayelia kwenye basi lililojaa, abiria wamemkazia macho. Wa kurekebishwa ni abiria hao. Mpisheni kiti cha dirishani, mpokeeni begi.

Mtoto mkubwa zaidi mkalishe mahali anapoona nje, mpe mchezo wa kutaja anachokiona mbali, na uwe na mifuko miwili mitatu ya kutapikia mkononi, si ndani ya begi lililo juu. Melini mfuko ni muhimu zaidi: mtoto asiinamie maji kutapika. Hata mtu mzima asining'inie kwenye reli za pembeni wakati wa mawimbi, na abiria wasirundikane upande mmoja wa chombo kidogo.

Yakishatokea matapishi, suuza mdomo, pumzika kidogo, kisha rudisha maji taratibu. Pakiti ya chumvichumvi za kuongezea maji mwilini ni nyepesi na rahisi kubeba. Soma kwenye pakiti inachanganywa na maji kiasi gani, maana si zote zina kipimo kimoja.

Kero ya pili, ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini, ni kuchimba dawa. Basi linasimama porini, konda anatangaza wanaume huku, wanawake kule, dakika tano. Mwanamke aliyevaa gauni refu, ana mtoto mgongoni, haoni kichaka cha kumsitiri. Anaamua mapema: hanywi maji tangu asubuhi. Mkojo unakuwa mchache na mkali, bakteria wanakaa kwenye kibofu bila kusafishwa, na siku mbili tatu baadaye anahisi kuchoma akikojoa. Kwa mjamzito maambukizi hayo yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Bora kunywa maji kidogo kidogo, kupunguza chai, kahawa na soda zenye kafeini kabla ya kupanda, kwenda msalani stendi hata kama huhisi haja, na kumwambia konda mapema kabla hali haijawa mbaya. Wenye mabasi wanaosimamisha kwenye vituo vyenye vyoo safi wanawalinda wateja wao, na nawaomba wengine wafanye hivyo. Kusimama porini si stara, na si salama.

Hapa pana jambo linalowahusu baba na babu zetu ambalo halisemwi vya kutosha. Mwenye tezi dume iliyovimba akimeza dawa ya kutapika, dawa ile ile inalegeza misuli ya kibofu. Akiongeza na kubana mkojo kutoka Mwanza hadi Kahama, anaweza kufika akiwa na kibofu kilichojaa ambacho hakitoi hata tone. Maumivu yake ni makali na huhitaji mpira wa kutolea mkojo hospitalini siku hiyo hiyo. Mzee wa namna hiyo aachane na dawa hizo mpaka aongee na daktari wake.

Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 2025 na limetuondolea foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, jambo ambalo wagonjwa wa dharura kutoka Sengerema na Geita walilisubiri kwa miaka. Ila kivuko kilikuwa kinawalazimisha abiria kushuka, kutembea, kunyoosha miguu na kujisaidia. Sasa kilomita tatu za daraja zinaisha kwa dakika chache na mtu anaweza kukaa kitini mwanzo hadi mwisho. Mapumziko yale inabidi tuyatafute wenyewe.

Maana miguu nayo ina madai. Damu ya miguuni hurudishwa juu kwa kukazwa na misuli ya vigimbi. Ukikaa umekunja magoti juu ya gunia, damu inatuama na viatu vinabana. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoisha ukilala ni wa kawaida. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani. Bado ni tukio la nadra kwa mtu mwenye afya, ila aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyewahi kuganda damu anahusika zaidi. Kanyaga vidole, nyanyua visigino, rudia kila baada ya muda, na basi likisimama shuka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au kifua kikabana na pumzi zikakatika siku chache baada ya safari, nenda hospitali bila kusubiri.

Wanaopanda ndege huumia masikio zaidi wakati wa kushuka, na uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari wakati Dar es Salaam iko chini kabisa, hivyo anayetua Dar ndiye huteremka zaidi. Meza mate, tafuna kitu, piga miayo. Mtoto mnyonyeshe ndege inapoanza kuteremka. Mwenye mafua makali na pua iliyoziba aahirishe ikiwezekana.

Ukishuka melini ukahisi ardhi inayumba, usiogope. Ubongo ulishazoea mawimbi na unahitaji muda kuyaacha, kwa kawaida siku moja au mbili. Lakini kizunguzungu kinachoendelea zaidi ya hapo kinahitaji kuchunguzwa. Na sikio moja likipoteza usikivu ghafla, iwe baada ya safari au la, njoo siku hiyo hiyo. Tiba ya hali hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku za mwanzo.