Kipande cha bei ndogo si lazima kiwe rahisi

Maofisini Kampala, wenzetu wanapojadili akiba ya uzeeni katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ushauri mmoja haukosi: chagua mfuko wenye kipande (yaani sehemu ya mfuko unayonunua) cha bei ya chini, utapata vipande vingi. Unasikika wa busara, ila hesabu inaukana.

Chukua shilingi 1,000,000. Mfuko wa kwanza unauza kipande kwa shilingi 100, unapata vipande 10,000. Wa pili unauza kwa 250, unapata 4,000. Mali za mifuko yote miwili zikipanda thamani kwa asilimia 10, kipande kimoja kinafika 110, kingine 275. Zidisha: kote una 1,100,000, kabla ya ada. Bei ya kipande ni thamani ya mali za mfuko ikigawanywa kwa idadi ya vipande, basi. Huenda kimekuwa ghali kwa sababu tu mfuko ni wa zamani.

La kuuliza ni fedha zinawekwa wapi. Mfuko wa amana za benki na hati fupi za serikali (mikopo ya muda mfupi kwa serikali) hautikisiki sana. Wenye hisa za Soko la Hisa la Uganda unaweza kuporomoka mwaka huu; mwenye miaka 20 kabla ya kustaafu ana muda wa kungoja, wa miaka miwili hana. Kisha ada ya mwaka, ambayo (ajabu!) wengi hawaisomi kabisa.

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni jambo jingine: unakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 10, na pa kuwekeza hawakuulizi wewe.