Andaz Apna Apna haikupendwa tangu siku ya kwanza

Mashabiki wengi wa filamu za Kihindi huamini kwamba Andaz Apna Apna ilivunja rekodi ilipotoka. Wala. Ilipoingia sinema Novemba 1994, ilidoda. Mwaka huohuo watu walikuwa wakimiminika kutazama Hum Aapke Hain Koun, ambamo Salman Khan, aliyeigiza katika filamu zote mbili, alikuwa kijana mpole wa harusi na nyimbo. Huku kwa Rajkumar Santoshi, mwongozaji wa Andaz Apna Apna, walimkuta mjinga asiye na mbele wala nyuma.

Kisa chenyewe ni cha maayari wawili. Amar, mtoto wa kinyozi (Aamir Khan), na Prem, mtoto wa fundi cherehani (Salman), wanasikia binti wa tajiri ametoka London kutafuta mchumba, na kila mmoja anapanga kumwahi mwenzake. Wanadanganya, wanawekeana vikwazo, mmoja hata anajifanya amepoteza kumbukumbu. Hapo kuna kosa la pili: wengi husimulia kwamba wanagombea msichana mmoja hadi mwisho. Hapana, Prem anampenda yule anayedhaniwa katibu wa binti huyo, na huyo ndiye tajiri mwenyewe. Wasichana hao wawili walibadilishana majina tu. (Waigizaji wao, Raveena Tandon na Karisma Kapoor, walitumia majina yao halisi, kwa hiyo usijilaumu ukichanganyikiwa.)

Umaarufu ulikuja baadaye, kupitia televisheni na kanda za video, watu wakairudia hadi wakakariri vituko vya Crime Master Gogo, jambazi wa kuchekesha wa filamu hiyo. Mwaka 2025 ilirudishwa kwenye kumbi za sinema India.