Kwa nini mtoto aliyerudishwa kwao huonekana tena stesheni ya Tabora?

Je, wajua kwamba mtoto anayelala barazani karibu na stesheni ya Tabora ana wa kumwajibikia kisheria, hata kama hakuna anayemjua jina? Ni halmashauri. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto aliyemo ndani ya eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwananchi anayeona haki za mtoto zikivunjwa atoe taarifa kwenye mamlaka hiyo. Kwa hiyo mwenye kazi anajulikana. La kujiuliza ni kwa nini mtoto aliyechukuliwa, akalishwa, akapelekwa hadi mlangoni kwao, anaonekana tena pale pale wiki chache baadaye.

Tuanze na reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma, mwisho wa reli, mwaka 1914. Njia ya Mwanza inachepukia Tabora penyewe, na ya Mpanda inachepukia Kaliua. Anayedandia treni bila tiketi akashushwa, au anayesubiri kubadilisha treni akaishiwa nauli, ana uwezekano mkubwa wa kujikuta Tabora. Ongeza tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, inayovuta vibarua hata kutoka Kigoma. Wengi wao hulipwa baada ya mkulima kuuza, na mwaka ambao malipo yanachelewa kuna wanaotoka shambani mikono mitupu, pengine na watoto. Stesheni hupokea watu ambao Tabora si kwao, na hapo ndipo mipango ya kawaida inapoanza kupwaya.

Mipango ya halmashauri hujengwa kutoka chini. Mkutano wa mtaa unataja shida zake, zinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, zinapanda hadi baraza la madiwani, kisha mkoani na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Mfumo ni mzuri, ila unamhesabu mwenye mtaa. Anayelala stesheni hana mwenyekiti, hajaitwa mkutanoni na hakuna diwani anayemwomba kura. Hata kaya za TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, hupendekezwa kwenye mkutano wa hadhara wa wakazi, na mtoto wa barazani si kaya. Asipoingizwa makusudi na ofisi ya ustawi wa jamii, hayumo kwenye bajeti inayoanza Julai 1.

Ili aingizwe lazima ahesabiwe, na kuhesabu kuna ufundi wake. Hesabu ya mchana hudanganya: wengi wanaoombaomba au kubeba mizigo sokoni jioni hurudi kwao kulala. Hao nao wana shida, ila ni nyingine. Sensa ya 2022 iliwahesabu wasio na makazi usiku wa kuamkia Agosti 23, na halmashauri inaweza kufuata njia hiyo kwa udogo. Watu wawili wawili, baada ya treni na basi la mwisho, wapitie stesheni, stendi, soko na baraza za maduka. Waandike jinsia, umri wa kukadiria, jina la utani na alama moja ya kumtambulisha mtu. Wasimwamshe aliyelala. Warudie usiku tatu tofauti, mmoja uwe wa treni kuingia. Jina la utani lina maana kuliko linavyoonekana: mtoto huyo huyo anaweza kuwa Juma kwa polisi, Hamisi kwa asasi moja na Dogo Treni kwa wenzake. Kila ofisi ikiwa na daftari lake, mtoto mmoja anakuwa watatu “waliohudumiwa”.

Dawa yake ni daftari moja na kikao kimoja. Afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye daftari. Wengine, yaani Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mtendaji wa kata, muuguzi, afisa elimu, wafanyakazi wa stesheni na asasi zilizopo, wanaleta wanachojua. Kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zimewekwa kuanzia mtaa hadi mkoa kwa shughuli ya namna hii, kwa hiyo hakuna haja ya kuunda kamati mpya. (Kamati mpya, kwa kawaida, huzaa posho kwanza.) Kikao kijadili mtoto mmoja mmoja, kiandike nani atafanya nini na lini. Kikao kinachojadili “tatizo la watoto wa mitaani” kwa ujumla huisha kwa maazimio, na daftari linabaki jeupe.

Sasa kurudishwa kwenyewe. Kabla ya safari mtoto anahitaji pa kulala, na penye nafuu ni kwa mlezi wa kuaminika aliyekwisha kuchunguzwa. Makao ya watoto yawe hatua ya mwisho, maana ni rahisi kumwingiza na vigumu kumtoa. Kisha kuna kutafuta kwao. Mtoto wa miaka tisa huenda asijue wilaya yake, ila anajua siku ya gulio, jina la mwalimu na stesheni alipopandia. Mtajie stesheni za njia ya Kigoma kwa mpangilio, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba, usikilize anapokukatiza.

Hapa kuna mtego. Kiha cha mkoa wa Kigoma na Kirundi cha Burundi vinakaribiana kiasi cha wasemaji wake kuelewana, na mtoto wa Kasulu, mkoani Kigoma, anaweza kudhaniwa Mrundi na mtu asiyezizoea lugha hizo. Makosa ya namna hiyo yana gharama. Mtoto wa kambi ya wakimbizi shauri lake linapita Idara ya Wakimbizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na halmashauri haina ruhusa ya kumpakia tu kwenye treni. Mtoto wa Kitanzania akipelekwa njia hiyo kwa kudhaniwa, anapoteza muda bure.

Kwao kukishapatikana, piga hesabu ya tiketi. Mtoto anakwenda, moja. Afisa anakwenda na kurudi, mbili. Hizo tatu ndizo zinazokumbukwa. Zilizobaki ni mbili, za afisa kurudi baada ya mwezi mmoja au miwili kuangalia, pamoja na posho yake ya kujikimu, na bajeti ikibana hizo ndizo rahisi kukatwa. Matokeo yake, kilichomtoa mtoto nyumbani, kiwe kipigo cha baba wa kambo, njaa au sare iliyokosekana, kinamkuta pale pale alipokiacha. Ada imefutwa, ila daftari na sare havijafutwa. Mtoto wa miaka 12 aliyepitwa na shule haoni raha kukaa darasa la kwanza na wadogo zake. Kwake MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ndiyo njia, na lazima ajulikane mwalimu wa kumpokea kabla hajapanda treni.

Fedha za ufuatiliaji zikikosekana, bado kuna njia ya bei nafuu. Afisa wa Tabora asimkabidhi mtoto kwa mzazi peke yake. Amkabidhi mbele ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri inayopokea na mtendaji wa kijiji, wasaini wote, kila mmoja abaki na nakala na namba za simu za wenzake. Baada ya hapo ufuatiliaji unafanywa na aliye karibu, kwa bodaboda. Barua iliyotumwa bila mtu kupokea kwa jina haifanyi kazi hiyo.

Watu wazima wanaolala pale wana milango tofauti. Mgonjwa wa akili aanzie hospitali ya Kitete. Mzee asiye na ndugu, baada ya kuchunguzwa, anaweza kufikiriwa makazi ya wazee ya Ipuli. Msafiri aliyeibiwa anahitaji nauli na simu moja tu, ila nauli hiyo nayo iwe na fungu lake kwenye bajeti, vinginevyo mfuko wa watoto ndio utakaoliwa.

Ukimwona mtoto usiku, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Taja mahali kwa usahihi: upande gani wa stesheni, baraza ya duka gani, amevaa nini. Asubuhi hatakuwepo hapo.